Tuanze na Karakana, Kuta Zifuate

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, mafundi, na ninyi vijana mliokosa viti huko nyuma, habari za mchana. Ahsanteni kwa kuniita niseme neno kabla ramani ya chuo chetu cha uhandisi hapa Arusha haijafika kwa mkandarasi.

Hoja yangu ni moja. Chuo cha uhandisi hupangwa kuanzia kwenye mashine, kuta zikafuata. Ramani hii imeanza na jengo la utawala, ikaja ukumbi, ikaja madarasa, na karakana ikapewa kipande kilichobaki kule nyuma karibu na choo. Nimeitazama usiku mzima na moyo umeniuma.

Mahali fulani nilipowahi kufundisha tuliletewa mashine ya kukereza chuma kutoka ng'ambo. Mlango ukawa mwembamba kuliko kreti, tukabomoa ukuta. Ilipoingia, tukakuta jengo limevutiwa umeme wa fezi moja, yaani waya mmoja wa moto kama wa nyumbani, na mota ile inataka fezi tatu, volti 400. Mashine ikakaa chini ya turubai mwaka mzima. Vijana wa mwaka ule walihitimu wakiwa wameichora tu daftarini. Nikikutana na mmoja wao hapa mjini huwa naona haya, ingawa kosa lilifanyika mezani kwa wachoraji, kabla hata mimi sijaajiriwa pale.

Mashine ina uzito, kwa hiyo tujue mapema itapita wapi na itasimama juu ya nini. Ile inayotikisika iwe na msingi wake, uliotengwa na jamvi la jengo, la sivyo mtikisiko utatembea hadi chumba cha vipimo na kuharibu kazi ya mwenzako. Na inataka mwanga wake pia, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Niruhusuni nikae hapo kidogo.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na zile taa za tyubu za zamani hupepesa kila unapoenda na kila unaporudi, mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Sasa chukua mashine inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Kichwa chake kinachoshika chuma kina taya nne, kwa hiyo kila sekunde taya 100 zinapita mbele ya macho yako, sawasawa na mipepeso ya taa. Kijana akitazama anaona chuma kimetulia, kana kwamba mashine imezimwa. Anapeleka mkono. Ndiyo maana taa za karakana hugawanywa kwenye fezi zote tatu, zisififie kwa pamoja, au huwekwa zile zisizopepesa. Na ndiyo maana nataka madirisha mapana, mwanga wa Mungu uingie.

Lakini yatazame wapi? Arusha iko kama digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta. Jua hutupitia utosini karibu na katikati ya Machi, kisha tena mwanzoni mwa Oktoba. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupata jua la juu, na paa likizidi kidogo nje ya ukuta linatosha kuukinga. Magharibi ni habari nyingine: mwaka mzima jua la alasiri linakuja chini chini, linapiga macho na kuchemsha chumba. Ramani yetu imegeuza upande mrefu wa karakana magharibi ili utazame barabara. Tuugeuze utazame Mlima Meru, huko kaskazini.

Maabara ya zege nayo haimo kabisa. Nimeambiwa vipimo tutapeleka nje kwa malipo. Jamani! Kuna somo moja ambalo sijapata kuona linamwacha kijana alivyokuwa. Anachanganya zege kwa mikono yake, anajaza boksi la chuma la milimita 150 kila upande, anashindilia. Kesho yake analifungua na kuuzamisha mchemraba wake kwenye tangi la maji. Siku ya 28 anauinua, kilo nane hivi, na kuuweka chini ya mashine ya kukandamiza. Zege la daraja la 25, yaani la kuhimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, linatakiwa libebe zaidi ya tani 57 juu ya kitu hicho alichokishika kwa mikono miwili. Chumba kinanyamaza. Kisha mlio mmoja, mbavu zinamomonyoka zote nne, na katikati panabaki umbo lililobana kiunoni kama ngoma. Kijana aliyezidisha maji ili zege lilainike anaona lake linakufa mapema mbele ya wenzake. Hakuna haja ya kumgombeza.

Maji nitasema kwa kifupi. Vyanzo vingi vya huku kwetu vina floridi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno yetu yanashuhudia. Mtambo wa kusafisha maji ya chuo usifichwe nyuma ya uzio. Uwekewe bomba la kuchukulia sampuli, wanafunzi wapime maji wanayokunywa wenyewe.

Mji huu si mgeni wa mambo haya. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, kilijengwa kwa msaada wa Wajerumani, na Tengeru kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoanza kupokea wanafunzi 2011. Twende tukawatembelee. Tukifika, tuwaombe wanaoshika mashine na funguo za stoo watuambie wangebadilisha nini kama wangejenga upya leo.

Ramani iko mezani, karatasi ya nne. Mlango wa karakana umeandikwa mita 1.5, nimeuzungushia kalamu nyekundu. Mchoraji wetu yuko hapa, Mungu ambariki kwa kuja. Naomba tusogee pale sote tumwonyeshe mita nne.