Herufi H na Kazi ya Mhariri

Ndugu zangu waandishi, nianze na London, mwaka 1631. Wachapaji wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo ndani ya Amri Kumi neno dogo la kukanusha lilidondoka, amri ikawa inawataka watu wazini. Walitozwa faini ya pauni 300. Kule lilidondoka neno zima. Kwetu ingetosha silabi: toa "si" kwenye "usizini", inabaki "uzini".

Kiswahili kimebeba maana kwenye vipande vidogo mno. "Atalipwa" na "hatalipwa" zimetenganishwa na herufi moja, nayo ni ileile ambayo wengi wetu huidondosha au kuipachika pasipo pake. Kompyuta haitapiga mstari mwekundu, maana maneno yote mawili yapo. Niliwahi kuletewa muhtasari wa kikao ulioandika kwamba fundi "hatalipwa". Sentensi ilikuwa safi kabisa. Nilipomuuliza katibu ndipo nikajua kikao kilikubali alipwe. Peke yangu mezani nisingegundua.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni makosa yanayozaliwa wakati wa kusahihisha. Chukueni hii: "Kitabu kilichopotea kimepatikana. Nilikiona kabatini." Mwandishi anakumbuka vilikuwa viwili, anabadili neno la kwanza, anafunga kazi. Inachapishwa "Vitabu kilichopotea". Hata akiirekebisha sentensi hiyo yote, "nilikiona" inabaki, kwa sababu kile "ki" kimejificha katikati ya kitenzi na jicho linakipita. Ukigusa nomino, umegusa aya.

Kwa hiyo mimi huhariri kwanza: hoja, mpangilio, yanayojirudia. Prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapwa, naisoma mwisho, kwenye karatasi, kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Majina ya watu na tarakimu huyapitia peke yake. Kila nilipobadili kitu naweka alama pembeni, kisha narudi kusoma aya nzima, si lile neno tu. Halafu nampa mtu ambaye hajaiona kabisa kazi hiyo, kwani mimi bado nasoma nilichokusudia kuandika.

Sasa toeni kurasa mlizokuja nazo, mbadilishane na jirani. Shikeni kalamu, mtafute kwanza kila h iliyo mwanzoni mwa kitenzi, na mahali ambapo ingepaswa kuwapo. Mkitilia shaka, msikate wenyewe. Mwenye kazi amekaa hapo pembeni, muulizeni.