Tuzo Mbili kwa Timu Moja

Ndugu zangu, kabla hamjaniuliza nani Mchezaji Bora wa Mwaka, niulizeni kwanza nani kapiga kura. Katika SEC, ligi ya besiboli ya vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani, wanaopiga kura ni makocha, na kocha haruhusiwi kumpigia mchezaji wake mwenyewe. Kwa hiyo tuzo ile unapewa na watu uliowafunga. Mimi naiamini kuliko nyingi za waandishi wa habari.

Lakini leo nataka tuitazame 2023. Chuo cha LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kilikuwa na watu wawili. Dylan Crews, mpigaji, alimaliza msimu na wastani wa kupiga wa .426, yaani kati ya zamu 1,000 za kupiga zinazohesabiwa, 426 zingezaa pigo la kumfikisha salama kwenye kituo. Paul Skenes, mrushaji aliyehamia kutoka chuo cha jeshi la anga, aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, yaani majaribio matatu yaliyowashinda, akaivunja rekodi ya ligi ya Ben McDonald, 202, iliyodumu tangu 1989.

Sasa nani bora? Crews alikuwa uwanjani kila siku. Skenes alianza mechi mara moja kwa wiki, lakini siku hiyo mchezo mzima ulikuwa mkononi mwake. Unawapimaje kwa mizani moja? Ligi haikujaribu: Crews akawa Mchezaji Bora, Skenes akawa Mrushaji Bora. Tuzo za kitaifa, ambazo hazina mgawanyo huo, zilijikuta zimegawanyika zenyewe: Golden Spikes ikaenda kwa Crews, Dick Howser kwa Skenes. Julai mwaka huohuo, timu za ligi kuu ya kulipwa zilipoteua wachezaji wapya kwa zamu, Pittsburgh wakamchagua Skenes wa kwanza, Washington wakamchagua Crews wa pili. Wachezaji wa timu moja kushika nafasi hizo mbili halikuwahi kutokea.

Kwa hiyo mgawanyo ule si upole wa kumfurahisha kila mtu. Ni kukiri kwamba hizi ni kazi mbili.

Ila kuna mtu anayeuvuruga. Jac Caglianone wa Florida, mwaka huohuo, aliutoa mpira nje ya uzio mara 33, na wikendi ikifika naye anapanda kilimani, yaani kwenye kituta cha mrushaji, kurusha. Mwaka 2024 akautoa mara 35. Misimu yote miwili hakupata tuzo hata moja kati ya hizo mbili: 2023 mbele yake walikuwa Crews na Skenes, 2024 Charlie Condon wa Georgia na Hagen Smith wa Arkansas. Nikiwa kocha, kura yangu ningeiandika kwenye karatasi ipi?