Leseni ya kusimamia nyumba ya wazee Texas: nawajibu wote kwa pamoja

Jamani, habari zenu. Leo naingia moja kwa moja, maana kila nikipandisha video swali linarudi lile lile: dada, tumesikia una leseni ya kuendesha nyumba ya wazee, huo mtihani ukoje, na mimi mwenye digrii yangu hapa Dar naweza? Nikinyamaza naambiwa nabania watu riziki. Nikijibu, wapo watakaosema najionyesha, na wengine watasema nalalamika wakati niko Marekani. Basi nasema niliyopitia mimi, hapa Texas.

Sizungumzii kazi ya kuhudumia wazee. Hiyo mnaijua. Nazungumzia anayesimamia nyumba nzima: wauguzi, jiko, mishahara, madai ya bima. Sheria ya shirikisho inamtaka awe na leseni ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Texas wanataka shahada ya fani yoyote, lakini uwe na krediti 15 za masomo ya usimamizi wa huduma za wazee, halafu saa 1,000 za mafunzo chini ya msimamizi mwenye leseni. Kuna mtihani wa taifa wa NAB, chama cha bodi zinazotoa leseni hizi, ambao tangu 2017 una sehemu mbili, na kuna wa sheria za Texas.

Watu wanaogopa mtihani, lakini mtihani unasomeka. Unatakiwa kujua, kwa mfano, mzee akitoka hospitali Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inamlipia siku ngapi kwenye nyumba kama hii: mwisho ni 100, na 20 za mwanzo tu ndizo asizochangia chochote. Ukikaa na kitabu utaelewa. Mimi kilichonitoa jasho ni makaratasi.

Digrii ya nje inapelekwa kwanza kwa kampuni za huku za kutathmini vyeti, na unalipia. Matokeo yatoke chuoni moja kwa moja, kwenye bahasha iliyofungwa, muhuri upigwe juu ya mkunjo. Chuo changu sikitaji, ila kila nikipiga simu mhusika katoka. Mdogo wangu akaenda kusimama dirishani, akaulizwa amekuja na nini. Mama aliuza shamba nikasoma pale, halafu karatasi yangu mwenyewe niinunue tena? Bado linaniuma. Na bahasha ilipofika, muhuri ulikuwa pembeni ya mkunjo. Ikakataliwa.

Tuje kwenye hela. Saa 1,000 ni karibu miezi sita ya kazi ya kutwa, na mimi sikulipwa. Wapo wanaolipwa, inategemea kampuni. Mchana niko mafunzoni, usiku naingia zamu ili nilipe kodi ya nyumba, na simu ya nyumbani inaita: mbona mwezi huu kimya?

Leseni ikitoka, jina linalosimama ni lako. Wakaguzi wanakuja bila taarifa, na haitakiwi ipite zaidi ya miezi 15 bila ukaguzi. Nimemwona mkaguzi akichomeka kipimajoto kwenye trei ya viazi vya kupondwa, akasubiri namba itulie, akaandika, akaenda trei ya pili bila kusema neno. Chakula cha moto hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi 57 za Selsiasi. Kapika mpishi, ila anayeitwa kujieleza ni msimamizi, na mimi naona ni haki, maana anayekula pale ni mzazi wa mtu na hawezi kuinuka akajipashie.

Hayo ni yangu. Mwenzangu anaweza kupita kirahisi zaidi, au akasota zaidi. Ukihama jimbo, matokeo ya NAB unakwenda nayo lakini leseni unaomba upya, kwa hiyo uliye Minnesota au California soma masharti ya jimbo lako, usinifuate mimi. Na wewe uliye Dar, kabla hujampa mtu hela eti akushughulikie, nenda chuoni ukaulize utaratibu wao wa kutuma matokeo nje, maana kulifuatilia hilo ukiwa huku ni gharama.