Toroli haipiti mlangoni: programu za kutunza mahitaji, raha yake na karaha yake

Haya wadau, tuanze kabla stima haijapotea tena. Wale mmekaa nyuma sogeeni mbele tafadhali, spika inayofanya kazi ni moja na mimi sina sauti ya mhubiri wa Kondele.

Mmeniita niongee juu ya hizi softiweya za kutunza mahitaji ya kazi za uhandisi, kama zinasaidia ama ni kumwaga pesa. Nitaanza na mlango, juu mlango ndio ulinifanya nizijue.

Miaka kadhaa imepita, tulikuwa watu sita tunajenga chumba cha baridi cha samaki, cha kutumia sola, kiwekwe hapa upande wa Dunga. Karakana ya kukata paneli na mlango ilikuwa Nakuru, sisi wa umeme na kontrola tuko Kisumu, na wenye kazi ni kikundi cha kina mama wanaouza mbuta na ngege. Mahitaji, yaani kila kitu ambacho hicho chumba lazima kifanye ama kiwe nacho ndio wenyewe wakubali kulipa, tulikuwa tumeyaandika yote kwa Excel. Mstari wa 12 ulisema upana wa mlango ni sentimita 80. Baadaye wale mama wakatuonyesha toroli yao ya kubebea kreti, tukapima tukapata 84, basi tukarudi kwa Excel tukaandika 90, tukasevu, tukarusha kwa grupu ya WhatsApp, tukaenda zetu kula samaki tukijua tumemaliza.

Sasa kwa hiyo grupu kulikuwa na faili tatu. Moja iliitwa mahitaji_mwisho, ya pili mahitaji_mwisho_kabisa, ya tatu mahitaji_mwisho_kabisa_HII. Mnacheka lakini mnazo hata saa hii kwa simu zenu. Fundi wa Nakuru akafungua ya katikati. Siku lori lilipokuja na chumba tukakiunganisha, mama mmoja akasukuma toroli imejaa kreti, ikagonga fremu ko! Akarudi nyuma, akainyoosha, akasukuma tena, ko! Akasimama akatuangalia mmoja mmoja akasema, "Injinia, si ni nyinyi mlikuja kupima?"

Tukabishana wiki nzima kosa ni la nani, na fundi alikuwa na karatasi imeandikwa 80, sisi tuna faili imeandikwa 90, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Mlango ulikatwa upya kwa pesa ya mfuko wetu.

Hiyo ndiyo shida ya kwanza hizi programu zinaondoa, na zinaiondoa kweli, hapo siwezi kuzinyima haki yake. Kila hitaji linapewa namba yake ambayo haibadiliki hata ukilihamisha kutoka juu ukalipeleka chini. Liko mahali pamoja. Ukibadilisha 80 iwe 90 programu inaandika ni nani amebadilisha, siku gani, saa ngapi, na ilikuwa inasemaje kabla. Halafu kuna kitu inaitwa besilaini, chukulia ni kama kupiga picha ya mahitaji yote siku ile mnasaini na mwenye kazi, ndio baada ya miezi minne akikuambia "mimi sikusema hivyo" unamfungulia ile picha mnaiangalia pamoja bila kupandishiana sauti.

Lakini utamu wenyewe uko kwa linki. Hitaji la mama wa samaki linaunganishwa na hitaji la kiufundi, hilo linaunganishwa na mchoro, na mchoro na jaribio litakalothibitisha. Kwa kazi yetu ya pili, chumba kingine cha baridi cha samaki, tulikuwa tumepata programu ya aina hiyo, na ikatokea muuzaji wa betri ameishiwa na za volti 24, akasema ana za 48. Jamaa wetu wa manunuzi akafurahi, akasema hata ni afadhali, umeme unaopita kwa waya utakuwa kidogo kwa hivyo tununue waya nyembamba. Na hapo hakukosea. Tukaenda tukabadilisha hilo hitaji moja, 24 ikawa 48, na palepale vitu 11 vilivyokuwa vimeunganishwa nalo vikawekewa alama kwamba sasa havina uhakika, mtu aende aviangalie upya. Tisa havikuwa na neno. Cha kumi kilikuwa fyuzi. Cha kumi na moja kilikuwa bodi ya kontrola, ambayo kikomo chake ni volti 30. Hiyo bodi tungeichoma mchana kweupe na moshi tuuone kwa macho, na kati yetu sita hakuna hata mmoja alikuwa ameikumbuka, mimi pia, na mimi ndiye niliichagua.

Kuna wenzetu ambao hawana hata uchaguzi. Watu wa softiweya za ndege wana kiwango cha usalama kinaitwa DO-178C, wa magari wana chao, ISO 26262 iliyotoka 2011, na mkaguzi akija anachukua hitaji moja popote anasema nionyeshe kodi yake, yaani ile programu iliyoandikwa kulitimiza, nionyeshe jaribio lake, sasa nirudishe kinyumenyume kutoka kwa jaribio mpaka kwa hitaji. Ukiwa na mahitaji elfu kadhaa hiyo huifanyi kwa Excel labda uwe na watu wa kukesha. Ndio maana DOORS, ambayo ni kama babu ya hizi programu zote, ilianza Uingereza mapema miaka ya 1990, ikanunuliwa na Telelogic ya Sweden 2000, na IBM wakainunua hiyo Telelogic 2008. Kuna zingine za aina hiyo: Polarion sasa iko chini ya Siemens, na Jama ni ya watu wa Portland kule Marekani. Ukiskia mtu analalamika kwamba DOORS ile ya zamani ina sura ya kompyuta ya saiba ya 2002 hajadanganya, ila ilitengenezewa wahandisi wa kazi kubwa kubwa, haikutengenezewa macho yako.

Haya, sasa tuje kwa karaha.

Kwa hiyo kazi ya pili tulikuwa na hitaji namba 47, nalijua kwa moyo kama namba ya kitambulisho: mlango ukikaa wazi zaidi ya sekunde 60, king'ora kilie. Hitaji zuri, lina namba, linapimika, tukalijaribu kwa saa ya simu, sekunde ya 61 king'ora kikalia, tukabonyeza, likawa kijani, yaani limefaulu. Ripoti nzima ilikuwa kijani, mkubwa akaipeleka kwa wafadhili imeprintiwa kwa rangi.

Wiki tatu baadaye nikapita hapo kusalimia tu. Kipimo cha joto ndani kinasoma digrii 9, na samaki wabichi unataka wakae karibu na sifuri, usivuke 4. Nikaangalia kompresa, iko sawa. Nikaangalia betri, sawa. Nikainua macho nikaona leso. Leso ya kijani na njano imezungushwa kwa king'ora mara tatu na ikapigwa fundo mbili. Nikauliza. Mama akaniambia, "Mwanangu, asubuhi tunapakia nusu saa nzima mlango uko wazi, hiyo kitu yako inalia kama ambulensi, tungefanyaje na wateja wanakimbia?" Basi walikuwa wameifunga mdomo, na kwa sababu hakuna kelele tena, mlango ukawa unakaa wazi hata wakati hakuna anayepakia.

Nikafungua laptopu hapohapo nimekaa juu ya kreti. 47, kijani. Nikataka kujua ni mjinga gani alisema sekunde 60, na programu haikunichelewesha hata kidogo, ikaniambia ni mimi. Saa nne usiku, siku ya Alhamisi. Kuna kisanduku cha kuandika sababu ya hilo hitaji, na programu ilikuwa inakataa kusevu kama kiko tupu, basi nilikuwa nimeandika nukta. Nukta moja.

Kwa hivyo mkiniuliza mimi ni hapo mpaka uko. Programu inakumbuka neno, inajua nani alilisema na likiguswa litagusa nani mwingine. Haijui kama neno lenyewe ni upuzi. Ukiandika "chumba kiwe na baridi ya kutosha" itakupa namba, itakubali linki, na siku moja itakuwa kijani kama zile zingine. Tena ni mbaya kuliko Excel kidogo, juu Excel hakuna mtu anaiamini, lakini kitu kikiwa na rangi na jedwali na asilimia watu wanaacha kuuliza maswali.

Na msidhani ni sisi wa ziwani tu. Mwaka wa 1999 NASA walipoteza chombo kinaitwa Mars Climate Orbiter, cha dola milioni 125, kilipofika Mars kikapita chini sana kwa anga yake basi kikaisha hivyo. Softiweya moja ya huku chini, ya kampuni ya Lockheed Martin, ilikuwa inatoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni, na wa NASA wanaozipokea wanazisoma kama niutoni, tofauti ni kama mara nne na nusu. Sasa skizeni: hati ya makubaliano ilikuwa inasema wazi ni niutoni. Hitaji lilikuwepo! Limeandikwa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuangalia kama faili inayotoka kweli inafanana na hilo neno, na mtu wa kuuliza kwa nini hesabu za njia ziko mbali kidogo kila mara. Mnaona leso yao ilikuwa wapi.

Karaha ya pili ni pesa, na hapa wakubwa wanafanya kosa moja kila mahali. Leseni nyingi ni kwa kila mtu kwa kila mwaka, basi mkubwa anaangalia bei anasema nunua mbili, mtakuwa mnabadilishana. Kwa timu ya watu sita. Sasa wawili wako ndani ya programu wanaona historia na linki, na wale wanne wengine, pamoja na fundi wa Nakuru, wanatumiwa nini? PDF kwa WhatsApp! Umelipa leseni halafu umerudi palepale kwa ule mlango, na saa hii huna hata wa kumlaumu maana rasmi mna programu.

Ya tatu sitakaa sana hapo. Hizi vitu zinataka mtu wa kuzitunza, na polepole huyo mtu anaacha uinjinia anakuwa mtumishi wa programu, mnaanza kufanya mitingi ya saa mbili kujadili kama hali ya hitaji iitwe "imekubaliwa" ama "imepitishwa". Nimekaa kwa hiyo mitingi. Chai ilikuwa nzuri.

Na kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Kuna muundo wa kuhamisha mahitaji kati ya programu tofauti, unaitwa ReqIF, asili yake ni watu wa magari wa Ujerumani na OMG, shirika la viwango vya kompyuta, likaufanya kiwango 2011. Inasaidia, maandishi na namba na linki za mahitaji zinaweza kuhama, lakini majaribio na maoni mliyoandikiana mara nyingi yanabaki kule nyuma. Kabla hujasaini mwambie muuzaji akuonyeshe mbele yako akitoa mahitaji kumi na kuyarudisha upya, usikubali akuonyeshe slaidi.

Mwenzetu wa pale mlangoni ameuliza, yeye wako wanne tu, wanatengeneza mita ya maji, waanze na gani. Ndugu yangu, usianze na kununua. Anza na vile mnaandika. Kulikuwa na watu wa Rolls-Royce, Alistair Mavin na wenzake, 2009 wakatoa mtindo unaitwa EARS, na ni rahisi tu, kwamba sentensi iwe na sura: kitu fulani kikitokea, mfumo lazima ufanye hivi. Ukijilazimisha kuandika hivyo utajikuta unauliza "kikitokea lini, na nani yuko hapo wakati huo", na hapo ndipo ningemuona mama wa leso na nusu saa yake kabla ya kuandika 60. Haina leseni.

Halafu kama mnajua Git, ile programu ya kutunza historia ya mafaili, kuna Doorstop, ya bure, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, kila hitaji linakuwa faili ndogo ya maandishi na historia inatunzwa na Git yenyewe. Inafanya kazi bila intaneti, na nyinyi mnajua mtandao ukikataa ukiwa saiti, hizi programu za mtandaoni zinakuachia duara linazunguka tu. Ubaya wake ni kwamba fundi wa kuchomelea hatafungua Git hata umbembeleze, kwa hivyo mtu mmoja, aliyetajwa jina, ndiye awe anamprintia, na kila karatasi iwe na tarehe kwa juu, na ile ya zamani airudishe mkononi ndio apewe mpya. Sisi tunafanya hivyo mpaka leo hata na programu ya kulipia tukiwa nayo.

Mko wanne, mita ya maji, mtakuwa na mahitaji kama 40 hivi. Hiyo mnaiweza. Siku mtakata kitu kwa kopi ya zamani mkiwa mmefuata hayo yote, hapo mnipigie tukae tuongee leseni.

Ile namba 47 imeshabadilishwa, kabla mniulize. King'ora kina swichi ya wakati wa kupakia, inakaa dakika 35 halafu inajirudisha yenyewe. Kwa kisanduku cha sababu nimeandika mistari sita. Leso nilimrudishia mwenyewe imefuliwa.