Usikubali Kochi Likupangie Bajeti

Haya jamani tukae, wale wa nyuma sogeeni viti vipo huku mbele, mkibaki huko mtaenda kusema sikuongea. Mwenyekiti kanipa dakika arobaini na najua zitanishinda, kwa hiyo salamu ndefu tuziache, na wengi mmeshanisikia nikilisema hili kwenye vikoba vingine, mtanivumilia, nitalisema mpaka lieleweke.

Vitu vikubwa vya nyumba vinyamaze. Ukuta unyamaze, kochi linyamaze, pazia linyamaze. Vidogo ndio viongee. Somo lenyewe ni hilo, ningeweza kukaa chini sasa hivi nikanywa soda yangu, ila najua mtatoka hapa mwende moja kwa moja kununua kochi jekundu.

Nina mteja mmoja, simtaji, yuko hapahapa Dar. Alinunua seti ya makochi nyekundu kwa nyeusi, yale ya velveti yenye vifungo vinavyong'aa mgongoni, hela alikusanya mwenyewe kwenye mchezo, na mimi simlaumu, dukani yalikuwa yanapendeza kweli. Akanipigia anataka mapazia. Nikamuuliza rangi gani, akanijibu "yoyote itakayoendana na kochi". Mmesikia hapo? Pazia halichaguliwi na mwenye nyumba tena, linachaguliwa na kochi. Tukashona mapazia mekundu. Mapazia yakafika, ukuta wake uliokuwa rangi ya maziwa ukaanza kuonekana mchafu, ukuta ulikuwa safi jamani, ni wekundu wa pembeni ndio ulikuwa unauchafua machoni, basi akaita fundi, ukuta mmoja ukapigwa maruni. Ukuta wa maruni ukalikataa zulia la kahawia, akanunua zulia jipya. Desemba ikafika, mti wa Krismasi ukasimama pale, akanitumia picha, ilipendeza, siwezi kudanganya. Alafu ikaja Februari. Nyinyi mnaijua Februari ya Dar, feni inapuliza hewa ya moto, umeme nao unafanya mambo yake, na wewe umekaa katikati ya velveti nyekundu. Akanipigia, "dada, sebule inanichosha sijui kwanini". Mfungo ulipofika akataka nyeupe na dhahabu ya Idi, haikai na maruni. Mdogo wake akafanyiwa send-off, familia ikachagua zambarau, wageni wanafikia nyumbani, zambarau juu ya nyekundu, nikamwambia hapo mimi sina dawa. Kochi ni kama mgeni mwenye shida nyingi, ukimkaribisha mmoja ujue kuna ndugu zake wanakuja nyuma. Na muda wote huo mama wa watu anaamini tatizo lake ni mapazia! Ananiita mimi! Mimi napata hela, sawa, lakini inaniuma.

Sasa hebu fikiria kochi lile lingekuwa rangi ya mchanga, au kijivu chenye ukahawia kidogo. Desemba unatupia mito ya kijani na nyekundu, Januari unaivua foronya unaikunja kabatini. Idi unaweka nyeupe na dhahabu. Zambarau ya send-off nayo inakaa vizuri tu, wageni wakiondoka unaitoa. Kilichobadilika ni foronya. Doti moja ya kanga, ukikata vizuri, inatoa foronya sita za mto wa inchi 18, zile za zipu, tatu kila kipande. Ila msomesheni fundi, asikate jina katikati, na muangalie jina lenyewe linasema nini kabla halijakaa kwenye mto, maana unaweza kumkalisha mama mkwe juu ya fumbo akadhani ni lake.

Najua kuna anayesema kimoyomoyo "mimi napenda rangi, huyu dada anataka nyumba zetu ziwe zahanati". Sikilizeni. Nyumba inageuka zahanati pale ambapo kila kitu ni cheupe, kila kitu kinateleza, na juu kuna ile taa nyeupe kali. Rangi tulivu inataka vitu vyenye mkwaruzo, mkono ukipita uhisi kitu. Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Kikapu cha Iringa, kile cha milulu, weka hata viatu vya watoto humo. Chungu. Meza ya mbao iliyoachwa ionekane ni mbao, siyo imepakwa vanishi mpaka unajitazama usoni, hapo Keko mafundi wanakutengenezea ukiwaelekeza, na msimame pale pale mpaka amalize maana ukigeuka tu anaongeza maua ya kuchonga, wenyewe wanaona bila maua hawajafanya kazi.

Mwingine atasema hayo ni mambo ya kizungu, umeyatoa kwenye intaneti. Hii huwa inanikera, nitasimama hapa kidogo. Nendeni Lamu, nendeni Mji Mkongwe Zanzibar, sehemu ambazo UNESCO imeziweka kwenye urithi wa dunia, Zanzibar mwaka 2000 na Lamu 2001. Ingia nyumba ya zamani ya mawe. Kuta chokaa nyeupe. Juu boriti za mikoko, na boriti ndio zilikuwa zinaamua upana wa chumba, ndio maana vile vyumba ni vyembamba na virefu, huwezi kupata boriti ya kuvuka chumba cha mita sita. Chini mkeka. Milango mizito ya mbao. Alafu kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani, ndio wanapanga sahani za kaure zilizokuja na majahazi kutoka mbali, zenye bluu na maua. Rangi ipo! Ila ipo kwenye sahani, haipo kwenye ukuta. Ukitaka kubadilisha unabadilisha sahani. Waliofanya hivyo ni mabibi zetu wa pwani, na chokaa yenyewe inatoka kwenye mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri. Leo mtu anaona ukuta mweupe na mkeka kwenye simu anasema "staili ya nje", nje wapi?

Na hili la msimu. Huko Ulaya wanapamba nyumba kwa majira manne, mwezi wa kumi maboga mlangoni, sijui majani makavu ya rangi ya chungwa. Sasa nimeona dada mmoja wa hapa amenunua majani makavu ya plastiki, jamani, mwezi wa kumi kwetu vuli inakaribia, majani yanataka kuchipua! Misimu yetu ni mingine. Kuna joto la kaskazi mpaka Machi, kuna masika, kuna kipupwe cha Juni na Julai usiku unatafuta shuka, alafu vuli. Na kuna mfungo na Idi, Krismasi, harusi. Na kuna msiba, tusiruke, msiba ukiingia makochi yote yanatolewa nje, mikeka inatandikwa, watu wanalala hapo siku kadhaa. Sebule yako inatakiwa iwe na heshima siku hiyo pia, na ukuta wenye maandishi ya kumetameta siku hiyo utauonea aibu mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujauliza "itapendeza?" uliza "masika itakuwaje?". Velveti na mapazia mazito ya kung'aa kwenye masika yanakamata uvundo, ukiyafua hayakauki. Pamba au kitani unafua asubuhi, jua likitoka kidogo jioni unarudisha dirishani. Joto nalo, pazia la rangi nyepesi linarudisha jua, la rangi nzito linalinywa, dirisha linalotazama magharibi ndio linakueleza ukweli saa kumi jioni.

Weupe unachafuka, ndiyo, nakubali, nani kasema uweke nyeupe? Rangi tulivu siyo nyeupe peke yake. Ukiwa na watoto na barabara ya vumbi weka rangi ya mchanga, udongo mkavu, ufuta, kahawia ya maziwa. Vumbi likitua juu ya rangi ya vumbi nani ataliona? Weusi ndio unaonyesha vumbi kuliko kitu chochote, muulizeni mwenye stendi nyeusi ya tivii.

Hela sasa, maana mnaniangalia. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, kwenda juu mita 2.7, ukitoa mlango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 33 za ukuta. Rangi ya maji lita moja inapita takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni kama lita saba. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili na inabaki ya kurekebishia watoto wakichora. Ukuta mpya wa plasta unakunywa zaidi, huo upigwe praima kwanza. Ndio maana nasema rangi moja nyumba nzima, ukichukua rangi tatu tofauti kila moja inabaki nusu kopo na hakuna inayotosha. Na usichague kwa kikaratasi cha dukani, nunua kopo dogo, paka kipande cha boksi, kisimamishe ukutani, kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Kuna krimu ambazo usiku zinageuka njano ya ugonjwa.

Pazia, nenda Karume pale mitumba ukiwahi asubuhi, kuna shuka na mapazia ya pamba mazito ya rangi tulivu ambayo dukani huyawezi. Ukitaka kujua ni pamba chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo, uchome kwa kiberiti, ukinuka karatasi na kuacha jivu laini hiyo ni pamba, ukijikunja na kuwa kishanga kigumu hiyo ni plastiki. Muuzaji atakukasirikia, mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha, dirisha la mita moja na nusu uchukue mita tatu, mkibania hapo pazia linakaa kama taulo... Na fimbo ipandishwe juu karibu na dari. Nilikuwa na picha za kuwaonyesha hili ila projekta imegoma.

Dakika tano? Mwenyekiti bwana. Haya haraka. Taa, angalieni boksi la balbu, 6500K ni ule mweupe wa ofisini, sebuleni na chumbani chukueni 3000K, bei kwa kawaida haipishani. Koga, makabati yaache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta hewa ipite, na chumba kinachoota koga kila masika mkifikirie chokaa, koga haiipendi, ila itaacha weupe kwenye nguo ukiegemea, kwa hiyo siyo nyuma ya kochi. Maua ya plastiki nilikuwa na hoja nne, naziacha.

Mama mwenye kilemba cha bluu umenyoosha mkono muda mrefu, samahani. Umepanga, na mwenye nyumba kapiga ukuta kijani na hataki uguswe? Sawa, basi achana na ukuta. Pazia la rangi ya ufuta lifunike ukuta wote wa dirisha, kuanzia kona mpaka kona, siyo dirisha tu. Kochi la rangi hiyohiyo au ulivalishe kitambaa. Mkeka mkubwa uning'inize ukutani upande mwingine, misumari miwili, hiyo muombe, nadhani hatakukatalia. Kijani kitakachobaki ni kidogo. Na siku ukihama, mkeka na pazia unaondoka navyo.

Mwingine? Vigae? Vigae siviwezi leo, nitafute nje.