Bahasha ya Kaki: Polisi, Bangi na Saa za Kazi

AIKANDE: Karibuni wasikilizaji wetu wa Arusha, Moshi na kokote mlipo. Leo tulipanga kuzungumzia mambo matatu kuhusu polisi na sheria ya bangi: nchi ya Ureno ilifanya nini, Afrika Kusini ilifanya nini, na mwananchi afanye nini anapoitwa kushuhudia upekuzi. Hata hivyo mwenzangu ameingia hapa studio na jambo lililompata wiki hii, na ninavyomfahamu, hataweza kulizungumzia jambo lingine kabla hajalitoa hilo.

ELIBARIKI: Shikamoo, dada Aikande.

AIKANDE: Marahaba, mdogo wangu. Tueleze.

ELIBARIKI: Usiku wa Jumanne mwenyekiti wa mtaa wetu, kule Sakina, alinigongea mlango akaniomba nikashuhudie upekuzi kwenye nyumba ya wapangaji iliyo jirani nasi. Nilikuta askari wanne na gari lao. Kijana anayeosha magari barabarani alikuwa amesimamishwa ukutani, na katika mfuko wa koti lake ilitoka misokoto mitatu ya bangi. Ilihesabiwa mbele yangu, ikaingizwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikafungwa, kisha tukasaini hati ya ukamataji: mimi, mwenyekiti na kijana mwenyewe. Kesho yake niliitwa kituoni kuandika maelezo, nikaambiwa nijiandae kuitwa mahakamani.

AIKANDE: Pole kwa usumbufu. Lakini mbona hilo ni jambo la kawaida? Sheria inataka awepo shahidi huru.

ELIBARIKI: Ni la kawaida, na ningelinyamazia kama si jirani yetu mwingine, mama mwenye duka la vyakula. Wiki hiyohiyo duka lake lilivunjwa, akaenda kituo kilekile kutoa taarifa, akajibiwa kwamba gari halina mafuta na askari wa kumfuata hayupo. Gari ambalo halikuwa na mafuta ya kumfikia mama aliyeibiwa mtaji wake wote lilikuwa na mafuta ya kuwaleta askari wanne kwa misokoto mitatu. Sijaweza kulimeza jambo hilo mpaka leo.

AIKANDE: Kituo chenyewe tusikitaje, kwa sababu askari wa pale hawapo hapa kujieleza. Ila swali lako nimelielewa. Sasa tuingie kwenye ratiba yetu.

ELIBARIKI: Dada, naomba kwanza nimalizie safari ya ile bahasha. Tangu Jumanne nimekuwa nikiifuatilia akilini, na nilimuuliza wakili mmoja ninayemfahamu itakakopita. Inatoka mkononi mwa askari aliyekamata, inakwenda kwa mtunza vielelezo, inaandikwa kwenye rejesta ya vielelezo inayoitwa PF 16. Halafu anatafutwa askari wa kuipeleka ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kuwa mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa sababu tu askari amesema majani yale yananuka bangi. Mkemia anaipima, anaandika taarifa, bahasha inarudi kituoni ikiwa na lakiri, inaandikwa tena, inakaa kabatini ikisubiri siku ya kesi.

AIKANDE: Na kila anayeipokea anasaini.

ELIBARIKI: Kila anayeipokea anasaini, na upande wa mashtaka unaweza kulazimika kumleta kila mmoja wao kizimbani aeleze aliipokea kwa nani na akamkabidhi nani. Hebu tuwahesabu, dada. Askari wanne wa upekuzi, mwenyekiti, mimi, mtunza vielelezo, askari wa kuipeleka maabara, mkemia, mpelelezi, mwendesha mashtaka, hakimu, karani wa mahakama, askari wa kumsindikiza mshtakiwa. Sijaanza kuwahesabu askari magereza.

AIKANDE: Umemsahau wakili wa utetezi.

ELIBARIKI: Kijana anayeosha magari hana wakili.

AIKANDE: Hilo nalo ni tatizo kubwa kuliko bahasha. Lakini ngoja nikuulize, kwa kuwa umeanza hesabu: kwa nini mlolongo huo ni mrefu hivyo? Je, ni kwa sababu polisi wanapenda makaratasi?

ELIBARIKI: Ni kwa sababu ya ushahidi.

AIKANDE: Ni kwa sababu ya huyohuyo kijana. Mahakama ya Rufani imekwishawaachia huru watu waliokuwa wamefungwa kwa dawa za kulevya, kwa sababu upande wa mashtaka ulishindwa kuonyesha kielelezo kilipita mikononi mwa nani tangu kilipokamatwa hadi kilipoletwa mahakamani. Saini zile zipo ili askari asiye mwaminifu asiweze kumbambikia mtu bangi. Kwa hiyo gharama unayoilalamikia ndiyo kinga ya mtuhumiwa. Ukiipunguza, utapata kesi za bei nafuu na wafungwa wasio na hatia.

ELIBARIKI: Hapo tunakubaliana kabisa, na ndiyo hoja yangu yenyewe. Haki ni kitu cha gharama, na sitaki ipunguzwe hata senti. Ninachosema ni kwamba kwa kuwa ni ghali, tuitumie kwa yule anayestahili kufuatiliwa hivyo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2017, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa msafirishaji, na kwa mzigo mkubwa zaidi kifungo cha maisha. Sina ugomvi na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokwenda kufyeka mashamba ya bangi Arumeru au kukamata lori la magunia. Ugomvi wangu ni juu ya saa za watu wote wale zinazokwenda kwa misokoto mitatu.

AIKANDE: Nami nasema magunia na misokoto mitatu havitenganishiki. Gunia halivutwi likiwa gunia. Linafika Arusha, linagawanywa, linauzwa msokoto mmoja mmoja Unga Limited, Ngarenaro na karibu na mageti ya shule, na fedha ya kila msokoto inarudi kwa mwenye gunia. Ukimwambia polisi amwache mnunuzi, umemhakikishia muuzaji soko. Mimi nafundisha sekondari, mdogo wangu. Ninapomwona mwanafunzi aliyekuwa akiongoza kwenye hesabu anaanza kukaa nyuma, halafu anachelewa, halafu haji kabisa, siwezi kukubali kwamba anayemuuzia ni mtu mdogo asiyestahili saa za polisi.

ELIBARIKI: Anayemuuzia mtoto ni muuzaji. Sijasema aachwe.

AIKANDE: Na kijana wako wa misokoto mitatu, una hakika kwamba hakuwa akiiuza?

ELIBARIKI: Sina hakika. Lakini polisi nao hawana, na gari halikurudi kumtafuta aliyempa. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Lingekuwa lile gari limetumwa kumfuata msambazaji, ningesaini hati zote ambazo wangeniletea. Lakini kesi ilipokwisha kupata mshtakiwa, kazi ikaishia hapo, na kwenye taarifa ya mwezi itaandikwa kwamba mtuhumiwa wa dawa za kulevya amekamatwa. Mtuhumiwa mmoja wa misokoto mitatu na mtuhumiwa mmoja wa magunia wanahesabiwa sawa.

AIKANDE: Hapo umegusa jambo. Namna ya kupima kazi ya askari inaweza kumwelekeza kwa mtu aliye rahisi kukamatwa. Lakini tiba yake ni kubadilisha kipimo. Huondoi sheria kwa sababu ya kipimo.

ELIBARIKI: Na bahasha, je? Nani analipia nauli ya mkemia akiitwa mahakamani?

AIKANDE: Tumerudi kwenye bahasha.

ELIBARIKI: Nauliza kwa dhati, dada. Sisi Arusha tuna nafuu, kwa sababu ofisi ya kanda ya kaskazini ya Maabara ya Mkemia Mkuu iko hapahapa. Lakini fikiria upekuzi uliofanyika Loliondo. Askari atoke kule na kielelezo, alale Arusha, arudi. Kesi ikianza, mkemia naye aende kule. Na siku hiyo akifika akakuta mshtakiwa hakuletwa, shauri linaahirishwa, na nauli ile imekwisha kutumika. Siku hiyo yote Loliondo ina askari mmoja pungufu, na mkemia hayupo maabara kupima sumu iliyomuua mtu au sampuli ya mtoto aliyebakwa. Maabara ni hiyohiyo moja.

AIKANDE: Hoja ya maabara ni nzito, sitaikwepa. Sikuwa nimeifikiria kwamba sampuli zinasubiriana. Lakini bado unapima kwa nauli na mafuta pekee. Mama aliyepoteza mtoto wake kwa bangi hupimi nauli yake. Makadirio yanayotumiwa sana na watafiti wa Marekani yanasema takribani mtu 1 kati ya 10 wanaotumia bangi huwa tegemezi, na kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo hufika 1 kati ya 6. Na wako wanaopata maradhi ya akili, hasa wanaoanza mapema na kutumia kwa wingi. Familia hizo hubeba gharama ambayo haiandikwi kwenye rejesta yoyote.

ELIBARIKI: Naiheshimu hoja hiyo. Basi niulize: kijana akikaa mahabusu Kisongo akisubiri kesi, utegemezi unapungua? Anatoka akiwa amepoteza kazi ya kuosha magari, amefahamiana na wahalifu waliokomaa, na jina lake limeharibika. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima anayetumia bangi faraghani asishtakiwe, na mwaka 2024 Rais Ramaphosa akasaini sheria yake. Ujerumani nayo, tangu Aprili 2024, inamruhusu mtu mzima kuwa na gramu 25 hadharani.

AIKANDE: Na Afrika Kusini hiyohiyo haikuruhusu biashara ya kuiuza kwa starehe. Kwa hiyo mtu anaruhusiwa kuvuta, lakini asiyelima mwenyewe atainunua kwa nani? Kwa mtu ambaye polisi bado wanapaswa kumkamata. Unaona? Umemwacha mnunuzi, na kazi ya polisi imebaki palepale. Kuhusu Ujerumani, wenzetu wale wana bima ya afya na wataalamu wa akili wa kutosha kumpokea anayeanguka. Sisi, kwa upande wa heroini, tuna kliniki za methadoni, dawa anayopewa mtegemezi badala ya heroini, ya kwanza ikiwa imeanzishwa Muhimbili mwaka 2011. Methadoni haitibu bangi, na hakuna dawa ya namna hiyo kwa bangi. Polisi wakijitoa leo, mzazi wa Ngarenaro atampeleka mwanawe kwa nani kesho?

ELIBARIKI: Kwa sasa anampeleka kwa nani? Polisi hawajawahi kuwa tiba.

AIKANDE: Sijasema ni tiba. Nimesema ni woga, na woga unamzuia kijana ambaye bado hajaanza.

ELIBARIKI: Woga huo haupo Njiro kwenye nyumba zenye kuta ndefu. Upekuzi wa usiku unafanyika kwenye nyumba za wapangaji, ambako mlango ni mmoja na choo ni cha wote. Sheria inayomfikia mwosha magari na kumkosa mtoto wa mwenye ghorofa, mimi siwezi kuiita kinga ya vijana.

AIKANDE: Basi na wa Njiro wapekuliwe. Ukikuta sheria inawapata maskini peke yao, idai iwapate wote. Wewe unataka isimpate yeyote.

ELIBARIKI: Kwa mtumiaji mtu mzima, ndiyo, nataka isimpate. Aonywe, bangi iteketezwe mbele ya mwenyekiti, askari warudi kwenye duka lililovunjwa.

AIKANDE: Na mimi nakataa. Onyo lisiloandikwa popote na bangi iliyoteketezwa bila rejesta ni mlango wa rushwa uliofunguliwa wazi. Hakika askari mwenye njaa atapenda sana utaratibu huo, kwa sababu atakapokukamata hakutakuwa na bahasha, hakutakuwa na saini, mtakuwa ninyi wawili na mfuko wako.

ELIBARIKI: Rushwa hiyo ipo hata sasa, na inakuwa kubwa zaidi kwa sababu anayekamatwa anaogopa jela. Punguza hofu ya jela, na bei ya kumhonga askari itashuka.

AIKANDE: Hapo hatutaelewana.

ELIBARIKI: Hatutaelewana, dada.

AIKANDE: Ila jambo moja nilisema siku nyingi nitalisema. Tunapoitaja Arumeru, watu wanaitaja Kisimiri Juu kama kwamba pale pameota bangi tu. Kisimiri hiyohiyo ndiyo yenye shule iliyoongoza matokeo ya kidato cha sita nchini mwaka 2016. Upande ule wa Meru mvua ni haba kwa sababu mlima unaizuia, bei ya nyanya inaanguka kila msimu wa mavuno, na mkulima anaangalia zao linalovumilia ukame na mnunuzi anayekuja mwenyewe usiku na fedha taslimu. Kufyeka shamba ni sawa. Lakini anayefyeka aache na skimu ya umwagiliaji.

ELIBARIKI: Na skimu hiyo ijengwe kwa fedha gani? Ndizo hizohizo ninazozisema. Jumlisha kesi zote za misokoto miwili na mitatu za mkoa mzima kwa mwaka...

AIKANDE: Huna takwimu hiyo, mdogo wangu, na mimi sina.

ELIBARIKI: Ndiyo maana naomba polisi na mahakama watutangazie. Watenganishe kesi za watumiaji na za wasafirishaji, waseme kila kundi limetumia siku ngapi za askari, sampuli ngapi za maabara na vitanda vingapi vya mahabusu. Kisha tubishane.

AIKANDE: Kutangazwa kwa takwimu hizo naunga mkono, nami nitakapoziona bado nitataka muuzaji wa getini kwangu akamatwe hata akiwa na msokoto mmoja. Sasa vijana wa kwaya wanaotumia chumba hiki baada yetu wamekwisha kufika, mmoja ameingiza kichwa mara mbili. Ureno hatukuigusa, na kuhusu mwananchi anapoitwa kushuhudia upekuzi hatukusema lolote zaidi ya yaliyompata Elibariki.

ELIBARIKI: Naweza kusema kwa sentensi moja: usisaini hati ambayo hujaisoma, na hakikisha kilichoandikwa kinalingana na...

AIKANDE: Wanaingia na vinanda. Tumeishia hapo, wasikilizaji. Andikeni maoni yenu, hasa ninyi mnaofanya kazi mahakamani na maabara.