Herufi za Mwananyamala

KAKA: Haya wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tumerekodi nyumbani kwa dada, Mwananyamala, madirisha yako wazi. Mkisikia bodaboda zinapita au muuza kahawa anagonganisha vikombe, ndio mtaa wenyewe huo. Dada, wiki nzima unanitumia picha za migongo ya daladala. Nimezihesabu, ni 17. Kuna nini?

DADA: Kuna herufi, kaka. Hebu fungua ile picha ya tatu. Umeiona?

KAKA: Ninayo hapa. Maandishi mekundu, yamezungushiwa njano.

DADA: Yameandikwa kwa brashi, kwa mkono. Sasa angalia hiyo "a". Tumbo limejaa, halafu mkia wake umevutwa mpaka ukaingia chini ya herufi inayofuata, kama mtu aliyemshika mwenzake mkono. Nilikuwa kwenye foleni nyuma ya gari hilo, nikaitazama "a" hiyo mpaka gari likakata kona. Fundi aliyeiandika ameandika "a" kwa maelfu, maana Kiswahili kinataka "a" kuliko kitu kingine. Andika jina la mtaa huu.

KAKA: Mwananyamala.

DADA: Herufi 12, "a" ziko 5. Dar es Salaam, herufi 11, "a" 4. Andika "wakakataa": herufi 9, "a" ni 5!

KAKA: Aisee, sikuwahi kuhesabu.

DADA: Mimi kazi yangu ya kusanifu mabango ndiyo iliyonihesabisha. Nachagua fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, kwenye sampuli yake ya Kiingereza inapendeza mno. Nikiweka maneno yetu, bango linapooza. Miaka mingi nilidhani tatizo ni mpangilio wangu, nahangaika na nafasi, na rangi. Kumbe aliyeichora fonti alitazama lugha yake. Kiingereza kinatumia sana "e" na "t", hizo ndizo alizozilea. "K" kwao haitokei sana, akaichora miguu mirefu, inajitanua. Sasa wewe andika Kariakoo, au kikombe, au kukaa. Hizo "k" zinakanyagana.

KAKA: Lakini mteja atakwambia, dada, mimi nataka bango lisomeke tu.

DADA: Atasema, na ana haki. Ila kusomeka kuna mengi ndani yake. Chukua "ng'". Ng'ombe, ng'ambo, nang'aa. Kwetu hiyo ni sauti moja, lakini kompyuta inaona herufi mbili na kialama cha pembeni. Fonti nyingi zinaacha pengo hapo, hasa ukiandika kwa herufi kubwa, "NG" inabaki huku na "OMBE" kule. Ukiweka hashitegi ya ng'ombe mtandaoni, inakatika kwenye hicho kialama. Inabaki "ng". Mfugaji anatangaza maziwa yake, neno lenyewe la ng'ombe halimfikishi popote.

KAKA: Na vitufe vya kwenye programu za simu nadhani ni hivyo hivyo. Nimeona neno "Mipangilio" limekatwa katikati.

DADA: Ni hivyo hivyo. Kitufe kimepimwa kwa neno fupi la Kiingereza, halafu sisi tunaambiwa tuingize letu humo. Wanaopata shida ni watu wazima kama mama, anabonyeza kitu ambacho hakukimaliza kukisoma.

KAKA: Nikuulize la akili mnemba, maana najua wasikilizaji wanalisubiri. Uliniambia yalikukuta na mteja wa kanga.

DADA: Ndiyo. Nilipewa kazi ya bango la duka la kanga. Nikaomba siku 4. Mteja akaniambia kuna kijana amemtengenezea kwa akili mnemba kwa muda wa kunywa chai, kwa nini mimi nataka siku zote hizo. Akanionyesha kwenye simu. Wanawake wawili wamejifunga doti, pembeni bahari. Kaka, sitaki kudanganya, ilikuwa picha nzuri. Pindo lipo, mji upo, na maembe yake katikati yamepangika. Nikaomba simu, nikaivuta picha ionekane kwa karibu, pale chini panapokaa jina, yale maneno ya kanga.

KAKA: Ikawaje?

DADA: Kisanduku kipo. Ndani yake kuna vitu vinafanana na herufi, lakini si herufi. Vijiti na vitanzi vimesimama kwenye mstari, kama mtu anachezesha midomo na sauti haitoki. Nilihuzunika kweli. Mama yangu akiletewa kanga haanzi na rangi. Anaikunjua, anatafuta jina, analisoma kwa sauti, ndipo anajua ameletewa zawadi au amesemwa. "Wema hauozi" humpi mtu kwa siku hiyo hiyo na kwa sababu hiyo hiyo unayompa jina lingine.

KAKA: Na mteja alisemaje alipoona?

DADA: Alinyamaza kidogo. Akasema, "Hii siwezi kuiweka dukani, wateja wangu huanza kwa kusoma." Akanipa siku 4.

KAKA: Lakini dada, mashine zinakua. Mpya zinaandika maneno sawasawa.

DADA: Zinaandika, nimeziona, na mimi mwenyewe nazitumia kwa kazi fulani fulani. Kupanga picha haraka, kufuta kitu kilichokaa nyuma ya mtu, sioni ubaya. Ninachokishika mimi ni kwamba mashine imelishwa picha zilizoko mtandaoni. Ya kwetu yasiyoko mtandaoni haiyajui, na yaliyoko imeyachukua bila kubisha hodi. Mgongo wa daladala hauko kwenye hazina yoyote. Gari likipigwa rangi upya, yale maandishi yamekwenda. Fundi akizeeka, mkono umekwenda.

KAKA: Na siku hizi stika za kuprinti zimejaa.

DADA: Zimejaa, kwa sababu zina bei nafuu na zinabandikwa saa hiyo hiyo. Simlaumu mwenye gari. Lakini angalia daladala zetu zinavyofanya kazi: ule mstari wa rangi ubavuni unakwambia njia kabla hujasoma chochote. Bibi asiyejua kusoma anapanda gari lake bila kuuliza mtu. Huo ni usanifu, na umetoka kwetu.

KAKA: Sasa ile habari ya fonti na treni. Uliniahidi utaisimulia hapa.

DADA: Ee, hii naipenda mno. Kompyuta ya Macintosh, ya kampuni ya Apple, ilitoka mwaka 1984. Vile vipicha vyake vya mwanzo, kama kile kikompyuta kinachotabasamu, vilichorwa na mwanamke anaitwa Susan Kare. Alitumia daftari la miraba, kipicha kimoja miraba 32 kwa 32, kila mraba unautia wino au unauacha. Mimi nilipoona nikakumbuka mkeka. Bibi zetu wanaosuka ukili wanafanya hesabu hiyo hiyo, ukindu uliotiwa rangi na usiotiwa, mpaka ua linatokea.

KAKA: Dah, kweli kabisa.

DADA: Sasa, alichora na fonti pia. Yeye na mwenzake mmoja walisoma sekondari kwenye vitongoji vya Philadelphia, Marekani, wakazipa fonti majina ya vituo vya treni ya kwao, ile inayotoka mjini kwenda vitongojini. Overbrook, Merion, Ardmore, Rosemont. Yaani ni kama wewe uite fonti Manzese, nyingine Magomeni, nyingine Makumbusho.

KAKA: Majina ya vituo tu!

DADA: Vituo tu. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, akapita, akasema majina ya miji ni sawa, lakini iwe miji mikubwa inayojulikana duniani. Ndipo tukapata Chicago, Geneva, New York, Monaco. Na Cairo, moja hiyo kutoka Afrika, nayo ilikuwa ya vipicha. Kwa hiyo hata wao walianza na kituo chao. Ile alama ya vitanzi vinne iliyoko kwenye kibodi za Mac, kabla ya hapo ilikuwa kwenye mabango ya barabarani Sweden, inaonyesha sehemu ya kutembelea. Vitu hivi vyote tunavyoviona vya dunia nzima, kuna mtu alivitoa mtaani, akaviingiza humo.

KAKA: Na wewe unataka kuingiza Mwananyamala.

DADA: Nataka, na nimeanza. Nimemtafuta fundi wa ile "a". Nilienda gereji kwa gereji mpaka nikampata. Ni mzee, ana mkebe wa brashi, moja ameikata nywele mwenyewe ili itoe ule mkia. Nikamwamkia, nikamweleza. Nikamwambia mzee, naomba uniandikie herufi zote, kubwa na ndogo, nizipige skani, nizichore kwenye kompyuta ziwe fonti ya watu kutumia.

KAKA: Alikuelewa?

DADA: Alinielewa haraka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na jina langu litakaa wapi?" Nikasema ndani ya faili lenyewe, na kwenye kila nakala, na mapato tunagawana kwa maandishi. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar es Salaam, akafariki 1972, miaka michache tu. Leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake. Nataka mzee huyu naye aitwe, na yeye alipwe akiwa hai.

KAKA: Mmefika wapi sasa?

DADA: Tumekaa Jumamosi 3. Nilimpelekea karatasi kubwa, akaanza na "a", akaandika 6 tofauti, maana anasema ikifuatwa na "m" haikai kama ikifuatwa na "k". Tukafika kwenye "g". Akasimamisha brashi, akaniuliza, "Na ile ya ng'ombe huitaki?" Nikamwambia naitaka sana, mzee, inanisumbua miaka yote. Akaandika "n", akaandika "g", halafu kile kialama hakukiweka pembeni. Alikiweka juu ya "g" yenyewe, kimelala kwenye bega lake, vitu vitatu vikawa kitu kimoja. Pengo hakuna.

KAKA: Hiyo umeipiga picha?

DADA: Iko ukutani nyuma yako. Geuka.

KAKA: ...Aisee. Wino bado unang'aa.